Daftari la Ami

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kunikuta hapa nikizungumzia bajeti, mitaala na chaguzi. Leo naomba waniwie radhi niandike kuhusu mbio za magari, na hasa kuhusu ile kazi isiyo na watazamaji ambayo hufanywa wiki kadhaa kabla ya msimu kufunguliwa: kazi ya kulijaribu gari. Kilichonisukuma ni kikao. Alhamisi ijayo kamati ninayoiongoza katika chuo ninachofundisha italetewa taarifa ya kurasa nne isemayo kwamba mfumo mpya wa kompyuta wa kuingizia alama za wanafunzi umejaribiwa, na kwamba uko tayari kutumika kuanzia muhula ujao. Kwenye ukurasa wa mwisho pameachwa nafasi ya saini yangu. Neno “tayari” limeandikwa humo mara tano, nimelihesabu. Kila nikilisoma, fikra zangu zinarudi Ngamiani, Tanga, katika gereji aliyokuwa akifanyia kazi ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ambako niliandika neno hilohilo kwa mkono wangu nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Gereji ile ilikuwa nyuma ya ua wa mabati, chini ya mwembe uliokuwa ukidondosha utomvu juu ya boneti za watu. Mwenyewe, ambaye sote tulimwita Tajiri, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri mwenye ugonjwa mmoja tu, nao ni mbio za magari. Alikuwa na Datsun Violet 160J, jamii ya yale magari ambayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, aliyatumia kushinda Safari Rally mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. La kwetu halikuwa na historia hiyo. Lilinunuliwa Mombasa likiwa na mlango mmoja wa rangi tofauti, na injini yake Ami aliifungua na kuifunga mara nyingi kiasi kwamba alikuwa akiitambua kwa harufu.

Ami hakusoma zaidi ya darasa la nne. Mwaka 1972, zile mbio za Afrika Mashariki zilipoanzia Dar es Salaam, yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini, akadandia lori la mkonge kwenda kuziona. Alirudi na habari moja ambayo aliisimulia hadi tukaijua kwa moyo: kwamba aliyeshinda mwaka ule, Hannu Mikkola wa Ufini katika Ford Escort, alikuwa mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuzishinda.

Kwa asiyezijua mbio zile habari hiyo haina uzito, kwa hiyo nieleze kidogo. Zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa ndefu, maelfu ya kilomita, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Dereva alikutana na basi la abiria, ng'ombe, twiga na tope la masika, maana zilizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena, na mara zote mbili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Makampuni ya Ulaya yalileta magari ya kasi na mafundi waliovaa sare, na mawe ya Afrika Mashariki yakawarudisha kwao. Lancia walileta gari lao maarufu, Stratos, lililotamba Ulaya nzima. Halikushinda Safari hata mara moja.

Wenyeji walikuwa na siri gani? Ami alikuwa na jibu lake, nami sijapata jibu lingine lililo bora tangu hapo: wenyeji walikuwa wakiyajaribu magari yao mwaka mzima bila kujua kwamba wanajaribu. Joginder Singh wa Kenya, aliyeanza maisha kama fundi, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mbio za mwaka uliotangulia. Wengine wangeliita gari lile mtumba. Ami aliliita gari lililokwisha kusema ukweli wake wote.

Wageni walijifunza. Timu kubwa zikaanza kuja wiki nyingi kabla ya mbio, zikiwa na magari ya mazoezi yaliyoundwa kama yale ya mashindano, zikapita katika njia zilezile, zikivunja kila kinachovunjika, zikiandika, zikiimarisha, zikirudi tena. Pasaka ya 1993 mimi na Ami tulikaa barazani na redio, tukisikiliza idhaa ya Kiswahili ya Kenya, ambayo Tanga husikika kama ya nyumbani. Toyota walishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne: Kankkunen, Alén, Duncan, Iwashita. Mimi nilishangilia. Ami alizima redio ili kuokoa betri, akasema, “Hao hawakushinda leo. Walishinda zamani, huko porini, wakati hapana mtu wa kuwapigia makofi.”

Sisi tulikuwa na Datsun moja, fundi mmoja na mtoto mmoja. Hata hivyo Ami alijaribu gari kwa utaratibu ambao leo, baada ya kufundisha mbinu za utafiti kwa miaka kumi na minne, naweza kuuweka mbele ya wanafunzi wa uzamili bila aibu. Majaribio yalianza wiki nne kabla ya msimu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya barabara ya Pangani, ambayo wakati ule ilikuwa ya changarawe yenye makunyanzi ya kutikisa meno. Hiyo ilikuwa ya kuwatesa shokapu na bushi. Ya pili ilikuwa ya barabara za ndani ya mashamba ya mkonge, zilizonyooka kama rula, ambako gari hupata kasi na vumbi jekundu huingia kila penye tundu. Ya tatu ilikuwa ya kupanda Amani kutokea Muheza, hasa kukiwa na mvua, ili klachi na breki zipate adabu. Ya nne alirudia pale palipolitesa gari zaidi, safari hii usiku, na kwenye kiti cha msoma ramani akafunga gunia la mchanga lenye uzito wa mtu.

(Nimekuja kugundua ukubwani kwamba njia yote hiyo ilikuwa njia ya majaribio hata kabla ya magari. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani ili ionekane kama itaota. Na kule Amani, mwaka 1902, Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo kazi yake ilikuwa kupanda mimea ya kila aina na kutazama ipi itakufa. Waliyafanya hayo kwa faida yao, si yetu. Lakini walijaribu kwanza.)

Kila baada ya kilomita hamsini gari lilisimamishwa, Ami akaingia chini yake. Mimi nilifuata nyuma katika pikapu, nikiwa na taa ya karabai, vipuri na daftari. Kazi ya daftari ilikuwa yangu kwa sababu mwandiko wa Ami ulimtia haya. Alikuwa akisema akiwa amelala chali, miguu tu ikionekana, nami nikiandika: tarehe, mahali, kilomita, kilichokutwa, kilichofanywa. Mwisho wa kila mstari lilikaa neno moja kati ya mawili, “bado” au “tayari”. Neno la pili lilikuwa adimu.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuiba chaki shuleni. Ami alikuwa akipaka mafuta ya taa juu ya chuma, akiyaacha yanywe, akiyafuta kwa kitambaa kikavu, kisha akisugua unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari juu ya ule weupe, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Nimeshika chaki maisha yangu yote, na sidhani kama nimewahi kuitumia kwa jambo la maana zaidi.

Jambo ambalo watu waliokuja kutazama hawakulielewa ni furaha yake kitu kilipovunjika. Siku springi ya nyuma ilipokatika karibu na Mkinga, Tajiri alishika kichwa, Ami alicheka. Alisema gari halijaribiwi ili lifaulu, hujaribiwa ili livunjike. “Livunjike kwetu,” alikuwa akisema, “lisivunjike kwao.” Kwao, maana yake kwa dereva na msoma ramani wake.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Katikati ya mwaka uleule wa 1993 palikuwa na mbio fupi za kufungua msimu, zilizopangwa Jumapili. Usiku wa Alhamisi, baada ya jaribio la mwisho, chaki ilichora mstari kwenye mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la mbele la kushoto. Ami aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akanisomea, nami nikaandika: mkono wa mbele kushoto, ufa, urefu nusu ya kidole, usichomelewe, ubadilishwe. Bado. Alfajiri ya Ijumaa akapanda basi kwenda Moshi kuutafuta mwingine, kwa sababu Tanga nzima haukuwapo.

Tajiri naye alikuwa na mambo yake, na sitaki kumfanya shetani. Alikuwa amekwisha kubandika majina ya wafadhili kwenye milango. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kualikwa. Dereva alikuwa anatoka Arusha na angefika Jumamosi mchana, na jioni ileile magari yote yangekabidhiwa na kufungiwa Mkwakwani, ambako kwa kanuni za mbio hakuna fundi anayeruhusiwa kuligusa gari hadi bendera ishushwe. Ijumaa alasiri Tajiri alileta fundi mwingine, akauchomelea ule ufa na kuupaka rangi nyeusi. Kisha akaniita.

“Kijana, wewe ndiye mwandishi. Andika tayari.”

Nikamwambia Ami amesema bado.

“Alisema bado kabla hakijachomelewa. Sasa kimechomelewa.”

Nimesoma mantiki chuo kikuu, nimeifundisha pia, na nakiri kwamba kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu hoja ile ilikuwa imekamilika. Nilifungua ukurasa mpya. Niliandika TAYARI kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake kwa rula. Tajiri alinipa soda na noti ya shilingi mia mbili.

Dereva alikuwa mtu makini. Jumamosi mchana aliomba kuliona daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama chini ya mwembe, akafika ule wa mwisho, akanisifu mwandiko. Ami alirudi saa moja usiku akiwa na mkono wa chuma uliofungwa katika gazeti. Gari lilikuwa limekwisha kuingia Mkwakwani. Namkumbuka akiwa amesimama nje ya lango na lile gazeti kwapani, akizungumza na askari ambaye hakuwa na kosa lolote. Asubuhi alimwahi dereva kabla hajavaa kofia, akamwambia, “Bwana, hilo bado.” Dereva akamjibu kwa upole, “Fundi, wewe mwenyewe umeandika tayari,” akampa daftari. Tajiri alikuwa pembeni, akacheka, akasema wasiwasi ni maradhi ya mafundi. Ami aliutazama ule ukurasa. Akanitazama mimi. Kisha akaanza tena kumsihi dereva, akimwonyesha ule mkono mpya, lakini zamu ya kuondoka ilikuwa imefika na jina la gari letu lilikuwa linatangazwa.

Kiungo kilikatika kwenye mteremko ndani ya shamba la mkonge, kabla hata ya saa moja kupita. Gari liliviringika. Dereva alitoka na michubuko; msoma ramani, kijana wa Tanga, alivunjika paja. Nilimwona sokoni miaka mitatu baadaye akitembea kwa fimbo, nikajificha nyuma ya mafungu ya nazi. Jumatatu Tajiri alimfukuza Ami kazi mbele ya wenzake, na ushahidi ulikuwa daftari. Ami hakusema ni mwandiko wa nani. Alichukua spana zake, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na kwa baiskeli za watu wa Tanga akanilipia karo ya sekondari.

Kwa miaka mingi nilidhani fundisho la kisa hiki ni kwamba watu hawajaribu. Niliandika makala kadhaa za namna hiyo, na mifano haikunipa taabu. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu ya safari hiyo kwa ndege, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari milioni tatu na ushei. 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa, na 1951 mradi ukazikwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36 za Waingereza. Hapakuwa na shamba la majaribio la kuwaambia kwamba udongo ule ukikauka huwa kama tofali. Hata mbio zenyewe zina mfano wake. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kanuni hazikuziruhusu timu kufanya majaribio nje ya Ulaya. Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, gari lake likaharibika upande wa springi na shokapu, Sébastien Ogier akashinda. Vumbi la Naivasha, laini kama unga wa sembe, huwezi kuliagiza likapelekwa Hispania.

Lakini daftari la Ami linanisuta. Gari letu lilijaribiwa. Lilijaribiwa vizuri kuliko magari mengi yaliyoanza siku ile, na jaribio lilifanya kazi yake yote: liliuona ufa, liliupima, likauandika. Kilichokosekana hakikuwa jaribio. Kilichokosekana ni mamlaka ya aliyejaribu. Ami alikuwa na haki ya kusema bado, mradi tu neno lake lisigongane na tarehe ya mgeni rasmi. Katika timu za Ove Andersson, yule Mswidi aliyeiongoza Toyota katika mbio hizi baada ya yeye mwenyewe kushinda Safari ya 1975, siamini kama fundi angelazimika kusimama nje ya lango na kipuri kwapani.

Ukilitazama jambo hili kwa jicho hilo, mengi katika maisha yetu ya umma yanabadilika sura. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Mei Serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani, kwa kuwa ule mpya ulitumika bila maandalizi ya kutosha. Mwaka 2014 tukaingia katika wastani wa pointi, GPA. 2016 tukarudi katika madaraja. Tulilizungumza sana wakati ule, nami nilikuwa miongoni mwa waliozungumza kwa sauti kubwa, tukiuliza kwa nini mambo hayakujaribiwa. Sikuwahi kuuliza swali la pili, ambalo sasa naliona ndilo zito: katika ofisi zote ambazo jambo kama hilo hupitia, yule karani au mwalimu anayeuona ufa humwambia nani, na baada ya kusema huendelea kuwa nani? Sina uhakika kwamba hapakuwa na daftari mahali fulani lenye neno bado.

Ni rahisi kuandika hivyo juu ya wengine. Miaka miwili iliyopita nilitia saini taarifa iliyosema kwamba toleo la kwanza la mfumo huuhuu wa alama limejaribiwa. Lilikuwa limejaribiwa kweli, na wahadhiri kumi na wanne, katika chumba chenye kiyoyozi na intaneti yake yenyewe, kwa alasiri moja, na chai ilikuwapo. Kijana wa kitengo cha kompyuta aliniambia katika korido kwamba hana amani na namna mfumo unavyoshughulikia watu wengi wakiingia kwa pamoja. Nilimwuliza kama ameliandika hilo. Alisema ameambiwa asiliandike. Nikatia saini. Wiki ya mitihani binti mmoja wa mwaka wa pili alama zake za masomo matatu zilipotea, na hadi zilipopatikana jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika orodha ya waliosimamishwa masomo. Alirudi mwaka uliofuata. Hunisalimu kwa heshima zote tunapokutana ngazini, na kila mara nakumbuka mafungu ya nazi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tanga. Ami sasa ana zaidi ya miaka sabini, jicho moja lina ukungu, kibanda cha baiskeli kiko mikononi mwa mjukuu anayetengeneza zaidi bodaboda. Nilimkuta barazani.

“Ami, shikamoo.”

“Marahaba, daktari wa wasio wagonjwa.” Hiyo ni kejeli yake ya tangu nipate shahada ya tatu.

Baada ya chakula nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu ya miaka thelathini na zaidi, ikaisha kwa sentensi mbili. Alinisikiliza akichokonoa meno.

“Mwandiko niliujua palepale,” alisema. “Mimi sijawahi kuandika R ikasimama wima namna ile.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema nini? Mtoto kaandika alichoambiwa na mtu mzima. Mwenye kosa ni mimi, niliyekwenda Moshi nikaliacha daftari gereji.” Akanyamaza kidogo. “Yule kijana wa mguu ndiye aliyenikosesha usingizi. Nilikuwa nikimtengenezea baiskeli bure hadi alipohamia Handeni.”

Hilo sikulijua. Nikamweleza habari ya kikao, mfumo na zile kurasa nne, kwa lugha nyepesi niliyoweza. Aliuliza swali moja tu: wakati wa kujaribu, ni kitu gani kilivunjika? Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa taarifa hakuna kilichovunjika. Alinitazama kwa lile jicho zima kama aliyesikia tusi.

Nilipoaga alinifuata hadi kwenye gari, akaniambia bushi za mbele zimekwisha, alizisikia nilipokata kona kuja nyumbani. Nilisema gari limetoka matengenezo wiki mbili zilizopita na nina karatasi. Akafungua mlango, akaketi, akashusha kioo, akaniamuru niendeshe polepole hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Alikuwa ametoa kichwa nje, sikio likielekea chini, na watoto wakitucheka.

“Kulia,” akasema. “Kushoto bado nzima.”

Fundi wa Dar es Salaam amezibadilisha Jumatatu, ilikuwa kulia. Jumanne nilimtafuta yule kijana wa kitengo cha kompyuta, nikamwomba aandike kila alichokiona, kwa jina langu kama lake linamtia hofu. Ameandika mambo kumi na moja. Nimeyaambatanisha na taarifa na kuirudisha ilikotoka bila saini. Jana nilipigiwa simu mara mbili na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko changu, mwenye sauti ya upole sana, akinikumbusha kwamba mgeni wa uzinduzi amekwisha kuthibitisha. Kikao kiko palepale, Alhamisi, saa nne asubuhi.